Alitibiwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 8: mbona leo mkono unalegea na maneno yanampotea?

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Matondoni, kisiwani Lamu. Binti yake ana miaka 21. Alipokuwa na miaka 8 alipasuliwa Nairobi kuondolewa uvimbe wa kisogoni wa aina ya meduloblastoma, akapigwa mionzi ya kichwa kizima na uti wa mgongo, kisha akatiwa dawa za kemo kwa miezi kadhaa. Tangu siku hizo ana mrija unaoteremsha maji ya ubongo hadi tumboni. Alipona akaendelea vizuri, isipokuwa huyumba kidogo anapotembea na shuleni alikuwa mzito wa kumaliza kazi. Mwaka jana yalianza mambo ambayo hakuna aliyeyaeleza. Siku ya kwanza alikuwa amekaa barazani akidarizi kofia, sindano ikamponyoka mkono wa kulia, akataka kumwambia mdogo wake amwokotee lakini jina la sindano likakataa kuja, akabaki akisema "kile, kile". Baadaye kichwa kilimuuma kwa ukali upande mmoja, akatapika, na mkono haukurudi sawa hadi siku ya pili. Jambo hilo limejirudia mara tatu. Nyakati nyingine hukodoa macho kwa dakika moja au mbili, haitiki, na akizinduka hajui kilichopita. Picha ya CT ilirudi safi. Mahali pamoja waliambiwa ni mawazo. Majirani wanasema ni majini. Baba anauliza kama uvimbe umerudi, na kama haukurudi ni nini, na afanye nini, maana posa imekuja na hajui amjibu vipi mwenye kuposa.

Mzee wangu, nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba katika yote uliyoyaeleza hakuna hata moja lililo geni kwa madaktari wanaowafuatilia watu waliopigwa mionzi ya ubongo utotoni. Dalili za binti yako zimeitwa zisizoelezeka kwa sababu aliyekaa mbele yake alikuwa na habari za leo tu, hakuwa na habari za miaka 13 iliyopita. Daktari anayeambiwa kwamba msichana wa miaka 21 anaumwa kichwa na mkono umelegea atawaza mambo fulani. Daktari yuleyule akiambiwa kwamba msichana huyo alipigwa mionzi ya kichwa kizima akiwa na miaka 8, akapewa kemo na kuwekewa mrija, inampasa awaze mambo mengine kabisa na aagize vipimo vingine. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote kuna kazi ya kutafuta faili, na nitaieleza mbele.

Nianze na hofu yako kubwa. Meduloblastoma inaporudi, kwa kawaida hurudi katika miaka michache ya mwanzo baada ya matibabu. Kurudi baada ya miaka 13 hutokea mara chache sana, ingawa siwezi kukuambia kwamba haiwezekani. Linaloongezeka kadiri miaka inavyopita ni jambo tofauti, nalo ni uvimbe mpya unaoota mahali palipopitiwa na mionzi. Unaojulikana zaidi ni meninjioma, uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, ambao mara nyingi hukua polepole na hauna sumu ya saratani, na ambao kwa kawaida huonekana baada ya miaka 10 au zaidi. Upo pia ule mbaya zaidi unaotoka ndani ya ubongo wenyewe. Kwa sababu hiyo lazima atazamwe, na atazamwe kwa kipimo kinachofaa. Hata hivyo, namna unavyoeleza, mambo yanakuja na kuondoka na katikati yake binti ni mzima, haifanani sana na uvimbe unaokua. Uvimbe kwa kawaida huongeza dalili wiki hadi wiki na haurudishi ulichokichukua.

Umeuliza pia, kwa haki kabisa, mbona uvimbe ulikuwa kisogoni na leo matatizo yako katika mkono na ulimi. Kisogoni ndipo ilipo serebela, sehemu ya ubongo inayolinganisha mwendo na mizani ya mwili, na ndiyo sababu anayumba. Lakini meduloblastoma ina tabia ya kusafiri ndani ya maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo madaktari hawapigi mionzi mahali pa uvimbe peke yake. Kichwa kizima na mgongo mzima hupata kipimo cha kwanza, kwa kawaida grei 23.4 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mtoto ambaye ugonjwa wake haukuenea na grei 36 kwa yule ambaye umeenea, kisha pale ulipokuwa uvimbe huongezwa mpaka kufikia takriban grei 54. Maana yake ni kwamba sehemu ya kushoto ya ubongo, ile inayoongoza mkono wa kulia na ambayo kwa watu wengi ndiyo yenye maneno, nayo ilipigwa mionzi ingawa haikuwa na uvimbe wowote. Mishipa ya damu inayoilisha sehemu hiyo ilipigwa pia. Na mionzi ikishaingia katika mshipa wa damu wa mtoto, athari yake haimaliziki siku matibabu yanapokwisha. Kuta za mshipa zinaweza kuendelea kubadilika kwa miaka na miaka.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ilipo picha inayofanana zaidi na ya binti yako. Tangu mwaka 1995 imeandikwa katika vitabu vya udaktari hali ambayo leo hutajwa kwa jina la SMART, na ninakuomba uliandike jina hilo kwenye karatasi ulipeleke kwa daktari, maana si kila daktari amewahi kukutana nayo. Ni mashambulizi yanayofanana na kiharusi na kipandauso kwa pamoja, yanayompata mtu aliyepigwa mionzi ya kichwa zamani, pengine miaka 10 au 20 iliyopita. Mtu hulegea upande mmoja, au hupoteza maneno, au hushindwa kuona nusu ya kilicho mbele yake. Kichwa humuuma vikali, na mara nyingi huchanganyika na kifafa. Shambulio linaweza kuchukua saa kadhaa, siku au hata wiki nyingi, na wengi hurudi katika hali yao, ijapokuwa wapo wanaobakiwa na upungufu. Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, ikipigwa shambulio likiwa linaendelea, na mgonjwa akachomwa dawa ya kung'arisha picha, mikunjo ya juu ya ubongo upande uliopatwa huonekana imewaka na kuvimba. Picha hiyohiyo ikipigwa miezi baadaye, mwako huo huwa umekwisha. Ndiyo maana picha safi iliyopigwa siku alipokuwa mzima haijamfuta binti yako katika orodha ya wagonjwa, na ndiyo maana ninakusihi asipigwe CT nyingine ya kurudia ileile. CT ni nzuri kwa kutazama damu nyingi iliyomwagika au maji yaliyojaa kichwani, lakini kisogoni mifupa ni mizito na huiharibu picha, na mabadiliko madogo ya mionzi huyapita bila kuyaona.

Kuijua SMART kuna faida nyingine. Mwako ule wa mikunjo unaweza kumfanya asiyeijua aone kwamba saratani imerudi, na wapo wagonjwa waliofunguliwa kichwa kukatwa kipande cha ubongo kwa uchunguzi ambao haukuhitajika. Lakini ninasema "inafanana", sisemi "ndiyo". Jina hilo huruhusiwa kutajwa baada ya mengine kuondolewa, kwa sababu miongoni mwa hayo mengine yapo ya hatari zaidi.

La hatari zaidi ni kiharusi chenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1994, unaowafuatilia maelfu ya watu waliotibiwa saratani utotoni tangu mwaka 1970, umeonyesha wazi kwamba waliopigwa mionzi ya kichwa hupata kiharusi zaidi ya ndugu zao, wakiwa bado vijana, na kwamba hatari hupanda kadiri kipimo cha mionzi kilivyokuwa kikubwa na huongezeka tena mtu akiwa na presha. Mishipa mikubwa iliyo chini ya ubongo inaweza kusinyaa polepole, na mkono ukalegea kwa saa chache kisha ukarudi, hiyo ikiwa ni onyo la kiharusi kamili kinachokuja. Kwa hiyo MRI ya binti yako lazima iambatane na picha ya mishipa ya damu, na lazima mtu ampime presha, jambo dogo ambalo kituo chochote kisiwani kinaweza kulifanya kesho asubuhi. Lipo pia tatizo la vifundo vidogo vya mishipa ya damu vinavyoota baada ya mionzi na kuvuja kidogo kidogo. Hivi huonekana kwa aina fulani ya MRI inayoitambua damu ya zamani, na inafaa daktari aiandike katika ombi lake, kwa sababu mpiga picha asipoambiwa anaweza asiifanye.

Sasa yale ya kukodoa macho. Mtu anayenyamaza ghafla, macho yakaganda, haitiki akiitwa, pengine anatafuna mate au kuchezea nguo kwa vidole, kisha baada ya dakika moja au mbili anarudi akiwa amechoka na hakumbuki, kwa mtazamo wangu ana kifafa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu wetu wanakijua kifafa cha kuanguka na kutoa povu. Hiki cha kimya hawakihesabu, nacho ndicho kinachopelekwa kwa waganga zaidi. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, ila nacho kinaweza kutoka safi kikifanywa siku asiyopatwa. Kilicho bora kuliko kipimo hicho, na hakikugharimu kitu, ni simu yako. Mchukueni video tangu mwanzo mpaka anapozinduka, uso na mikono yote ionekane, na mmoja wenu amwite jina na amwambie ainue mikono wakati video inaendelea. Dakika mbili za video kama hiyo zimenieleza mambo ambayo barua nzima za rufaa hazikunieleza.

Dawa za kifafa zipo, na hapa Pwani kifafa ni ugonjwa ambao hospitali zetu zina uzoefu nao, tena Kilifi ni mahali palipofanyiwa utafiti wa kifafa kwa miaka mingi. Lakini kwa binti yako uchaguzi wa dawa una mambo yake. Valproati, ambayo ni dawa nzuri kwa wengine, humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa maumbile na kwa akili. Msichana wa miaka 21 mwenye posa mlangoni asianzishwe dawa hiyo ikiwa ipo nyingine inayofaa. Fenobabitoni huongeza usingizi na uzito wa kufikiri kwa mtu ambaye tayari ni mzito. Karbamazepini huzifanya dawa nyingine ziishe haraka mwilini, zikiwemo za homoni ambazo huenda akazihitaji. Levetirasitamu haina sehemu kubwa ya matatizo hayo, ijapokuwa huwafanya baadhi ya watu wawe wakali au wenye huzuni, na mkiiona tabia hiyo semeni mapema.

Nije kwenye mrija. Watu husahau kwamba upo, hasa ukikaa miaka 13 bila kelele. Mrija unaweza kuziba au kukatika wakati wowote wa maisha, na mtoto aliyewekewa akiwa mfupi hukua, mrija ukavutika. Dalili zake ni maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi au anapolala chali, kutapika, usingizi usio wa kawaida, na macho kuona viwili. Ukimwona binti anasinzia na kuamka kwa shida pamoja na maumivu ya kichwa, hapo hakuna kungoja asubuhi. Picha ya eksirei inayofuata mrija kutoka kichwani hadi tumboni huonyesha kama umekatika, na CT kwa jambo hili inatosha, hasa ikilinganishwa na ile ya alipokuwa mzima, kwa hiyo ile CT yake safi itunzwe vizuri. Iwapo mrija wake una vali inayorekebishwa kwa sumaku, vali hiyo lazima ikaguliwe upya kila baada ya MRI, kwa kuwa mashine inaweza kuibadilisha.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja nami ninaliogopa. Mionzi ya kichwa kizima hupita pia kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayoamrisha homoni za mwili. Homoni ya kukua ndiyo huharibika mwanzo, na nadhani ndiyo sababu waliotibiwa hivi wengi ni wafupi kuliko ndugu zao. Inayoweza kuua ni nyingine, kortisoli, ambayo upungufu wake unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mtu mwenye upungufu huo huchoka, hupungua, husikia kizunguzungu anaposimama, hutapika, na akipatwa na homa au akikaa na njaa muda mrefu anaweza kuanguka na kupoteza fahamu kwa sukari na presha kushuka. Mambo hayo huitwa uvivu, huitwa mawazo, huitwa mimba hata, Mola atuhifadhi. Kipimo chake ni damu inayotolewa asubuhi, karibu na saa 2, na ndani ya sampuli hiyohiyo apimwe na homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa mionzi ya mgongo huipata shingo nayo. Ikipatikana pungufu, hidrokotisoni ni kidonge cha kumeza kila siku, na hubadilisha maisha ya mtu ndani ya wiki.

Kwa sababu hiyo ninasema waziwazi juu ya Ramadhani. Mpaka damu hiyo ipimwe na mashambulizi yajulikane, binti yako asifunge. Njaa na usingizi mchache wa daku huamsha kifafa, na kwa mwenye upungufu wa kortisoli saumu inaweza kuwa hatari ya maisha. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, hamkuitunga ninyi. Zungumza na shekhe wako, umpe barua ya daktari, na binti asiachwe ajione mkosa.

Mengine nitayapita kwa haraka. Kama katika dawa za kemo ilikuwamo sisplatini, masikio yake yapimwe, maana hupunguza sauti za juu kwanza, na anayekosa nusu ya maneno ya watu huonekana amezubaa. Katika vichochoro vya Lamu, ambako punda hutokea nyuma yako amebeba mawe au mchanga, hilo ni la usalama pia. Kama ilikuwamo vinkristini, ganzi ya nyayo inaweza kuwa ni ya tangu wakati ule. Lakini ganzi mpya ya miguu, maumivu mapya ya mgongo, au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kuonekana kwenye uti wa mgongo. Na ule uzito wa shuleni haukuwa uvivu: mionzi ya kichwa kizima kwa mtoto hupunguza kasi ya kufikiri na nguvu ya kushika jambo, na waliomwita mvivu wanapaswa kuambiwa hivyo.

Sasa majini na mawazo. Sitakuambia neno baya juu ya kusomewa. Akisomewa Kurani na wazee wake, akapewa kombe la kunywa, moyo wake ukatulia, hayo hayapingani na MRI. Ninachokataa ni tatu: kuachishwa dawa ili kusomwa kushike, kufukizwa moshi mzito mtu ambaye hajitambui, na kupigwa au kufungwa kamba ili "anayesema" atoke. Hao wanaofanya hivyo wanampiga mgonjwa wa ubongo.

Ama kuhusu mawazo, lipo jambo la kweli ndani yake ambalo limesemwa vibaya. Ubongo unaweza kutoa mashambulizi yanayofanana na kifafa au kupooza bila kidonda kinachoonekana, na vijana waliopitia upasuaji na mionzi wakiwa wadogo wanaweza kuyapata hayo, wakati mwingine pamoja na kifafa halisi. Mgonjwa hajifanyi. Lakini uamuzi huo hautolewi kwa kuwa picha ni safi na daktari amekosa jibu. Hutolewa kwa dalili zake zenyewe, kama vile macho kufumbwa kwa nguvu muda wote wa shambulio, kichwa kutikisika upande hadi upande, au mguu uliolegea kupata nguvu pale mguu wa pili unapoinuliwa, na hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu na kwa mazoezi ya viungo. Aliyekuambia ni mawazo alipaswa kukuonyesha aliona nini. Kwa binti anayepoteza jina la sindano huku mkono wa kulia umelegea, mambo mawili yanayotawaliwa na upande mmoja wa ubongo, mimi singelisema neno hilo kabla ya MRI.

Basi fanya hivi. Tafuta kwanza muhtasari wa matibabu. Hospitali alikotibiwa ina ofisi ya kumbukumbu. Andika barua, taja jina kamili la wakati ule, mwaka, na namba ya faili kama bado una kadi, na uombe mambo haya kwa majina yake: jibu la maabara kuhusu aina ya uvimbe, tarehe ya upasuaji, kipimo cha mionzi kwa grei na sehemu zilizopigwa, majina ya dawa za kemo na jumla yake, aina ya mrija, na ripoti ya MRI ya mwisho. Kama faili halipatikani, kusanya kila karatasi iliyo sandukuni, hata risiti za dawa, maana daktari anayezijua dawa hizo ataweza kuusoma ugonjwa kupitia kwazo. Wakati unasubiri, nenda hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, apimwe presha na sukari, aandikiwe damu ya homoni na rufaa ya daktari wa mishipa ya fahamu, Mombasa au Nairobi. Hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya safari, tena kama mtu mzima kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa kwa miaka 21 hawi chini ya kadi yako ila kwa masharti. Katika rufaa iandikwe MRI ya ubongo yenye dawa ya kung'arisha, picha ya mishipa ya damu, na ile inayotambua damu ya zamani. Na kama shambulio litatokea mkiwa Mombasa, semeni apigwe picha wakati huohuo.

Wakati wa shambulio la kifafa mlaze ubavu, mlegezee buibui au nguo ya shingoni, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtazame saa. Likipita dakika 5, au likifuatana na jingine kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali. Mkono au uso ukilegea, au maneno yakipotea, msingoje kuona kama litaondoka kama yale ya awali, kwa sababu hamwezi kulitofautisha na kiharusi kwa macho. Kwenu kisiwani hilo linataka maandalizi: uwe na makubaliano na nahodha mwenye boti ya injini atakayepokea simu usiku wa manane, na uwe na mfuko mmoja wenye nakala za karatasi zake, dawa zake, na picha ya CT, ukining'inia mlangoni ambapo kila mtu wa nyumba anaujua. Mpaka mashambulizi yadhibitiwe asiogelee, asiteke maji kisimani peke yake, asipike juu ya jiko la makaa akiwa hana mtu karibu. Kofia aendelee kudarizi. Vidole vyake na macho yake vinahitaji kazi hiyo, na ni kipato chake.

Kuhusu posa, mzee wangu, mwenye haki ya kwanza ya kuyajua haya ni yeye binti. Ana miaka 21. Akae mwenyewe na daktari, aulize anayotaka kuuliza bila wewe na bila mama yake chumbani, ikiwemo suala la uzazi, kwa kuwa mionzi ya mgongo na baadhi ya dawa za kemo huweza kugusa ovari, na kuna kipimo cha damu kinachoonyesha hali yake. Wengi waliotibiwa hivi wameolewa, na wapo waliozaa. Sioni sababu ya kumkataa mwenye kuposa wala ya kumficha. Mwambie kwa adabu kwamba binti yupo katika vipimo na kwamba jibu litatoka kwake mwenyewe vipimo vikikamilika. Faili likipatikana na MRI ikipigwa, niandikie tena uniambie kipimo cha grei na maneno ya ripoti kama yalivyoandikwa, tuendelee kutoka hapo.